Umepiga Picha na Jiji la Udongo, Umemuuliza Jina Aliyelichonga?

Wadau, leo sina umbea mtamu. Leo nina hasira, na mtanivumilia.

Kabla hamjaanza kubashiri kwenye komenti "ni fulani huyo, namjua hadi dereva wake", niseme mapema: simtaji mtu. Stori hii ina watu wawili wasio na majina. Wa kwanza ni staa. Simtaji kwa sababu ana mwanasheria, ana chawa wa kujaza basi zima, na mimi kodi ya nyumba inanisubiri mwezi huu. Wa pili ni mchongaji kutoka Mgeta, huko juu Uluguru. Sababu ya kutomtaja huyo ni nyingine kabisa, na mtaikuta mwishoni.

Tuanze na picha. Staa wetu alizindua kiwanja chake kipya cha kula bata hapa Dar. Zulia jekundu, kamera kibao, nguo ya kubana, kila kitu. Lakini kilichowafanya watu wasimamishe kidole kwenye simu siyo nguo. Ni kitu kilichokuwa nyuma yake: jiji zima la udongo mwekundu, kimo chake kama mtoto wa chekechea. Maghorofa yamebanana, madirisha yamebandikwa vipande vya CD za zamani vinavyong'aa kama vioo vya majengo ya Posta, juu kuna minara ya spoku za baiskeli. Chini limezungushiwa kitambaa cheupe na maua. Taa zikilipiga, unaapa ni Kariakoo jua linazama.

Picha ikapaa. Huku mtu anasema kaagiza Dubai, kule mtu anasema hapana, mambo ya China hayo. Mwingine akamsifia mbunifu wa ndani, eti mkali sana huyo dada. Staa akashuka na kapsheni kwamba wazo ni lake mwenyewe na limefanyiwa kazi na "timu yangu ya ubunifu". Basi, ikawa imeisha. Na mimi? Niliilaiki, nikaishea, nikaandika "Bongo tumefika" na vimoto vitatu. Likumbukeni hilo, maana hasira hii na mimi inanihusu.

Wiki tatu baadaye nikapanda kwa bibi.

Kwa wasiofika Mgeta: toka Moro mjini unashika barabara ya Iringa, unaiacha, unapita Mzumbe na Mlali, halafu gari linaanza kupanda hadi masikio yanaziba. Huko ni sweta mchana. Kabichi, njegere, karoti, viazi mviringo, hadi stroberi mnazokula kwenye keki zenu za bethidei, nyingi zinatoka milimani huko. Na kitu cha kwanza utakachokiona siyo mboga, ni mlima wenyewe ulivyokatwa. Matuta ya ngazi kutoka mtoni hadi juu, moja juu ya lingine, kila moja na upana wa kumtosha mtu na jembe lake.

Jirani wa bibi yangu ana kibanda pembeni ya nyumba. Nikaingia kusalimia, nikaganda. Pale chini, juu ya gunia, kulikuwa na jiji lingine. Udongo uleule, CD zilezile, spoku zilezile. Tofauti ni moja tu. Hili lilikuwa na miguu. Maghorofa yake yalikuwa yamesimama juu ya mlima, na mlima umekatwa ngazi, na kwenye ngazi kuna viwatu vidogo kama punje ya mchele, vimeinama vinalima.

"Kaka, hii umeiona wapi?" nilimuuliza, maana akili yangu ya kijinga ilidhani amemuiga staa.

"Niione wapi, dada? Nimechonga mimi. Lile la kwanza walilichukua watu wa Dar."

Nikatoa simu. Mtandao hakuna, ikabidi tupande hadi kwenye kile kichuguu ambako watu huenda kupigia simu. Nikamwonyesha posti. Nilikuwa nasubiri apandwe na hasira akikuta jina lake halipo. Hata kapsheni hakuisoma. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaivuta chini, akaitazama muda mrefu.

"Wamekata ngazi," alisema.

Kumbe kile kitambaa cheupe na maua havikuwa mapambo. Vilikuwa vinaficha kidonda. Jiji lile liliondoka Mgeta likiwa na matuta saba chini yake, limelala kwenye Fuso la kabichi, limefungwa nyasi na blanketi. Lilipofika Dar, mtu mmoja kwenye ile timu ya ubunifu akasema sehemu ya chini inaleta ushamba. Wakachukua grainda.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na watu.

Alichokifanya huyu kijana siyo "kuigiza maghorofa". Alianza kuja Dar akiwa kuli wa mboga, anashusha viroba Kariakoo usiku. Anasema ghorofa la kwanza kuliona maishani lilikuwa mlima wa kwao, la pili lilikuwa soko la Kariakoo. Lile jengo kuu la soko, lililofunguliwa mwaka 1975, lina nguzo zinazotanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, na miavuli hiyo ilitengenezwa ikusanye maji ya mvua. Yeye hakuwa na habari ya nani alilichora. Aliona tu kwamba aliyelichora alikuwa anafikiria maji yanavyoshuka, kama mkulima wa matuta anavyofikiria. Tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Akarudi Mgeta, akaanza kufinyanga zile nguzo ili asizisahau.

Toka hapo kazi yake imekuwa kuliweka jiji linavyobadilika. Zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye korido katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma na baraza mbele, anazichonga zikiwa zimebanwa na maghorofa kama mzee aliyekaa katikati ya vijana kwenye daladala. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo likaua watu zaidi ya 20. Tangu siku hiyo kila jengo analochonga analiachia kitundu kimoja chini, hakizibwi. Nilimuuliza cha nini. "Cha watu kutokea," akanijibu, akaendelea kukoroga simenti.

Na zile ngazi chini? Fungua bomba lako hapo Sinza, Mbagala au Mikocheni, kama siku hiyo yanatoka. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka mto Ruvu, na Ruvu unanyonya kwenye milima ya Uluguru. Mto Mgeta nao mwisho wa safari unaingia humohumo. Kwa hiyo jiji lenu linakunywa mlima wetu asubuhi na kula kabichi yetu mchana. Huyu jamaa aliliweka jiji juu ya matuta kwa sababu ndipo lilipo! Ukimkatia ngazi umeitoa sentensi nzima ukabakiza koma.

Halafu matuta yenyewe siyo pambo la kijijini. Mwaka 1955 Waluguru waliugomea mpango wa mkoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, na kule Matombo damu ikamwagika. Walichokataa ni kulazimishwa. Upande wa Mgeta, ambako mboga na mifereji viliyahitaji, matuta yapo hadi leo kwa sababu watu wenyewe waliona faida yake. Huo ndio mlima ambao mtoto wa mjini mwenye grainda ameuita ushamba.

Najua mtakachosema. Nimeshayasikia yote kwenye makundi ya WhatsApp.

La kwanza: "Si alilipwa?" Alilipwa nauli ya kwenda na kurudi, hela ya kula siku mbili, na ile ahadi mnayoijua wote mnaofanya kazi za ubunifu mjini hapa: "Utajulikana kaka, kazi zitamiminika." Jamani, kujulikana hakununui simenti. Na hata huko kujulikana kwenyewe hakukutokea! Huwezi kumlipa mtu kwa jina halafu jina lake ukaliacha nyumbani.

La pili: "Hakuwa na mkataba, ni kosa lake." Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanamu kama inavyolinda wimbo. Mtunzi ana haki ya kutambulishwa kuwa kazi ni yake, na ana haki ya kupinga kazi hiyo kukatwa au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizo hazisubiri risiti, na haziondoki hata kazi ikishauzwa. Ukinunua sanamu umenunua sanamu, jina hujalinunua. Hili mastaa wanalijua kuliko mimi na wewe. Mtu akiibiwa biti ya sekunde nne anakesha laivu analia, anaitaja COSOTA mpaka mate yanakauka. Lakini mchongaji akikatwa kiuno, hiyo ni "kuboresha mwonekano".

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: "Ni vitu vya watoto tu, udongo na CD." Haya, tuvuke mpaka kidogo.

Pale Kinshasa alikuwepo jamaa anaitwa Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 kijijini Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970. Akaanza kutengeneza majengo ya jiji kwa makaratasi magumu, vifuniko vya chupa, makopo na vijiti, yaani takataka zenu hizohizo. Alipopeleka kazi kwenye makumbusho ya taifa hawakuamini kuwa ni yake. Walimshuku kaiba, hadi akatakiwa atengeneze nyingine mbele ya macho yao. Akatengeneza, wakamwajiri! Mwaka 1989 kazi zake zikaonyeshwa Paris kwenye maonyesho makubwa. Mwaka 1994 akakichukua kile kijiji chake cha Kimbembele Ihunga, akakijenga upya kama jiji la ndoto, lenye maghorofa na uwanja wa mpira. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likamfanyia maonyesho yake mwenyewe. Watu walipanga foleni kutazama makaratasi magumu.

Mmeona tofauti? Kingelez aliitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe, lakini angalau aliulizwa. Alipewa nafasi ya kukaa mbele ya watu na kuonyesha mikono yake. Wa kwetu hata kutiliwa shaka hakutiliwa. Alifutwa tu, kimyakimya, na laiki zikaendelea.

Na ugonjwa huu haukuanza na staa mmoja. Sisi Waluguru kuchonga hatukuanza jana. Mwana hiti, kile kichwa cha mti chenye nywele zilizogawanyika juu na kisicho na mikono, aliyepewa mwali akiwa ndani, ni kazi ya Waluguru na jirani zetu Wazaramo na Wakwere. Leo vipo kwenye makumbusho ya Ulaya, vimewekewa taa. Soma kile kibao pembeni. Mara nyingi utakuta jina la Mzungu aliyekikusanya. Mchongaji utamkuta kwa kabila. Miaka yote tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Sasa niambieni, tofauti ya yule Mzungu na "timu yangu ya ubunifu" ni ipi? Angalau yule aliandika kabila.

Tembea Posta uione hii tabia kwa macho. Sanamu ya Askari pale katikati ya jiji iliwekwa mwaka 1927, na ukitafuta aliyeitengeneza utapata jina bila jasho: James Alexander Stevenson, Mwingereza. Sasa simama Kariakoo umuulize mtu yeyote mwenye fuko la nguo nani alichora lile soko. Utatembea hadi viatu viishe. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika ukanda huu. Kizazi kizima kimenunua nyanya chini ya kichwa cha mtu huyu na hakimjui. Kwetu jengo likiisha tunaweka jiwe, na kwenye jiwe tunaandika jina la mgeni rasmi aliyekata utepe. Aliyechora hayupo. Aliyebeba zege ndo usiseme. Halafu tunashangaa watoto wetu wote wanataka kuwa wakata utepe.

Hii siyo kesi ya staa mmoja mwenye roho mbaya, maana hata sidhani kama ana roho mbaya. Nadhani hakufikiria. Kwake msanii ni anayeimba, anayeigiza, labda anayechekesha. Anayechonga ni fundi. Fundi unamlipa nauli, unamwambia asante, unafunga geti. Na sisi mashabiki ndio tumemfundisha hivyo, maana picha ile ilipita kwenye simu zetu maelfu na hakuna hata mmoja, nami nikiwemo, aliyeandika maneno matatu: "Nani kaichonga hii?" Tunajua nani kamshonea nguo, nani kamtengeneza kucha, nani kamuuzia gari. Kitu kizuri kuliko vyote pale ukumbini tukadhani kimeota.

Jiji linabadilika haraka kuliko tunavyoweza kulikumbuka. Leo unapita mtaa una baraza na mzee wa kahawa, mwezi ujao kuna mabati ya uzio na bango la ghorofa kumi na mbili. Treni ya umeme ilianza safari za Moro mwaka 2024, na sasa mtu anatoka kwenye stesheni ya Dar yenye umbo la tanzanaiti, anafika chini ya Uluguru kabla filamu haijaisha kwenye simu. Ni mambo mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini nani atatuambia ni nini kimepita hapa? Picha za Insta zinaonyesha sura zetu, nyuma yake ukungu. Ni watu kama huyu wa Mgeta, wanaokaa na jengo moja miezi minne kwenye vidole vyao, wanaokumbuka kwamba palikuwa na korido, palikuwa na uani, palikuwa na watu waliohitaji kitundu cha kutokea.

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Staa, kama unasoma, na najua chawa wako watakutumia hii kabla sijalala: weka jina lake chini ya ile kazi, kwa herufi zinazosomeka. Mlipe kazi ya miezi minne kama unavyomlipa MC kwa usiku mmoja. Na zile ngazi saba, kama bado ziko stoo, zirudishe chini ya jiji lake, ukimwita yeye mwenyewe aje aziunge, kwa nauli na kwa ujira. Hutapungukiwa kitu. Kiki utaipata palepale, tena safari hii itakuwa ya kweli.

Nilimwambia kaka wa Mgeta kwamba naandika. Nilimwambia nitamtaja, niweke na namba yake, watu wamtafute. Alinyamaza, akafuta mikono kwenye suruali.

"Dada, usinitaje," alisema. "Watasema nina kelele. Kuna mtu mwingine wa Dar ameulizia lile la pili. Akisoma kwamba nalalamika, hatarudi."

Hiyo ndiyo sababu niliyowaahidi. Staa simtaji kwa sababu ana nguvu, na mchongaji simtaji kwa sababu anaogopa kukosa nauli nyingine. Wote wawili wamefichwa, lakini ni mmoja tu anayefaidika na giza.

Mimi nimeifuta ile "Bongo tumefika" yangu. Hatujafika. Kwenu nyie mnaokwenda kwenye kile kiwanja wikiendi hii, maana najua mtakwenda, nina ombi moja. Mkifika pale kwenye jiji la udongo, kabla hamjasimama pembeni kuuza sura, chuchumaa. Inua kile kitambaa cheupe. Piga picha ya hapo palipokatwa, uiposti hiyo, uandike: "Aliyechonga ni nani?"